Magoti Ndani ya Eda

Jumatano, 15 Desemba 1993

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Vifua, viuno na mabega ya nusu ya mtaa wetu wa Biryogo yamo humu. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu, nimezichukua mimi. Vidole vinauma nikiandika. Nisipoandika vinauma vilevile, basi bora niandike.

Leo siku ya kumi na tano tangu Habumugisha wangu afariki. Miaka ishirini na sita ya ndoa. Nimemlilia mbele ya watu mpaka sauti ikakauka, humu sitaki kumlilia tena. Mwalimu wa msikiti amehesabu: miezi minne na siku kumi. Eda itaisha karibu na tarehe saba Aprili, mwezi ukionekana kama inavyotarajiwa.

Ninachokiogopa ni magoti. Mwaka wa tatu huu naumwa viungo. Daktari aliuita poliartriti. Vidole vya mikono yote miwili, magoti yote mawili, kushoto na kulia sawasawa, kama nguo iliyokatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili. Asubuhi ninakuwa mgumu mpaka saa nne. Lakini zamani nilikuwa kwenye cherehani — mteja anaingia, nasimama, nampima, naenda kutafuta kitambaa, narudi. Sasa nina godoro kwenye pembe ya chumba. Nakaa tangu alfajiri mpaka jioni. Wanawake wanakuja, wanakaa nami, wanasema: pumzika, mjane hana kazi.

Leo adhuhuri nilitaka kuinuka nitawadhe. Goti la kushoto likakataa kunyooka. Yasmina aliacha cherehani akaja kuninyanyua kwapani, msichana wa miaka kumi na tisa kumbeba mama yake! Nikikaa hivi miezi minne nitatoka eda kwa kubebwa. Nimeshaiona hiyo picha na siipendi.

Ijumaa, 17 Desemba

Générose amekuja kutoa pole. Huyu ni kine wa hospitali, wale wanaonyoosha viungo vya wagonjwa. Blauzi zake nyeupe namshonea mimi. Amesoma Butare, halafu Ubelgiji mwaka mmoja. Watu wengine wakija wanaangalia uso wangu kama nimelia. Yeye aliangalia magoti.

"Mama Yasmina, unakaaka masaa ngapi bila kusimama?"

Nikasema tangu asubuhi.

"Oya, oya. Hii iko nakumaliza kuliko ugonjwa."

Nikamwambia daktari wa zamani aliniandikia repos, mapumziko. Akacheka kidogo. Alisema kupumzika ni kwa siku kiungo kimevimba na kinawaka, na hata siku hiyo si kutwa nzima. Kiungo kikiachwa kimekunjwa, misuli inalala na goti linakauka vile lilivyo. Kila nusu saa nisimame. Dakika tatu tu, mpaka dirishani na kurudi. Nikae kwenye kiti kirefu, si chini. Na kabla ya kusimama, nipige nyayo juu na chini mara kumi ili goti lisishtuke.

Alinishika kiwiko, nikasimama. Iliuma mpaka machozi. Mara ya tatu iliuma kidogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumatatu, 20 Desemba

Wifi yangu Hadidja amefika kutoka Rwamagana na mkeka wake na masanduku mawili. Dada mkubwa wa marehemu. Amekuja kunilinda eda mpaka iishe, ndivyo alivyosema mlangoni kabla hata ya kuvua viatu.

Kwenye saa tano alinikuta dirishani. Akaniuliza natafuta nini. Nikamweleza: kine, nusu saa, magoti. Alisikiliza mpaka mwisho — tumpe haki yake — kisha akabeba kiti akakipeleka kwenye chumba cha Yasmina. Alisema mama yake mwenyewe alikaa eda kwenye mkeka. Shangazi yake pia, hakuna aliyezunguka chumba. Mjane anatulia chini, anamkumbuka mumewe.

Nikarudi kukaa chini. Ni mkubwa wangu, na amefiwa na ndugu yake wa pekee. Lakini yeye magoti yake ni mazima, anapanda kilima cha Nyamirambo bila kupumua juu juu.

Jumatano, 29 Desemba

Jana askari wa Inkotanyi, wale waasi waliopatana na serikali, waliingizwa mjini na watu wa Umoja wa Mataifa, mia sita, wamewekwa Bungeni. Barabarani wengine walishangilia, wengine walitema mate. Nimeyasikia yote haya nikiwa nimekaa. Nasimama Hadidja akienda sokoni tu. Mara mbili, mara tatu kwa siku. Haitoshi, najua.

Alhamisi, 6 Januari 1994

Aibu.

Hadidja amerudi sokoni bila nyanya, mdomo umekaza. Watu wanasema mjane wa Habumugisha anachungulia wanaume! Kila nusu saa uso wake dirishani — mume hajaoza, yeye ameshaanza kuchagua. Aliyelileta neno ni Libère, fundi wa redio ng'ambo ya barabara. Siku hizi anavaa kofia ya chama cha Rais, na duka lake linapiga ile redio mpya ya kuwatukana Watutsi kutwa nzima.

Nilicheka. Kosa langu. Mwanamke wa miaka arobaini na nane, vidole kama tangawizi, anatafuta mchumba kupitia wavu wa mbu! Hadidja hakucheka. Alitundika blanketi dirishani. Sasa chumba ni giza saa sita mchana.

Jumamosi, 15 Januari

Siku tisa sijaandika. Vidole vimevimba, kalamu inateleza.

Nimekaa siku tisa. Nimekaa kabisa, kwa hasira, ili waone. Ujinga wangu huo. Nani ameumia? Goti la kushoto halinyooki, limebaki limekunjwa, naweza kupitisha mto mzima chini yake. Kwenda chooni ni safari, Yasmina upande huu, Hadidja upande ule. Leo nilianguka mlangoni, sikuumia. Nilibaki sakafuni nikisikia Yasmina analia jikoni akidhani simsikii.

Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia: naogopa kuliko siku aliyokufa mume wangu.

Jumapili, 16 Januari

Yasmina alimwita Générose bila kuuliza mtu. Générose alilipima goti kwa kipande cha plastiki chenye namba. Akamwambia Hadidja, si mimi, kwa adabu, macho chini:

"Mama, hii goti ikibaki hivi mwezi mbili, haitarudi tena. Atatembea na fimbo mbili, ama hatatembea. Mimi sitaki kuvunja dini yenu. Niambie tu dini inasema nini."

Hadidja akajifunga kanga akatoka. Nilidhani amekasirika anarudi Rwamagana.

Alikwenda kwa mwalimu wa msikiti. Alirudi baada ya alasiri, akakaa karibu nami, akanitazama magoti kwa mara ya kwanza. Mwalimu alimwambia mjane amezuiwa kutoka nyumbani bila dharura, kujipamba na kuposwa. Hakuna mahali alipokatazwa kusimama wala kutembea ndani ya nyumba yake. Ya mkeka ni mazoea yetu wenyewe, na mgonjwa ana haki juu ya mwili wake.

"Basi mama yangu alikaa bure," alisema Hadidja. Polepole tu, kama mtu anayezungumza na chungu cha maharage. Kisha akaenda kukileta kiti.

Nilimhurumia. Ni vigumu kugundua katika umri ule kwamba mama yako aliumia bila sababu.

Jumatano, 2 Februari

Hadidja amekuwa mbaya kuliko kine! Ana saa ya marehemu mkononi. "Wifi, wakati." Nikijifanya nimesinzia ananigonga bega. Tunatembea ukumbini, chumbani mpaka stoo, hatua kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi. Blanketi la dirishani limebaki, ila sasa ni kwa ajili ya Libère.

Goti: mto haupiti tena. Ngumi inapita.

Jumatatu, 14 Februari

Ramadhani siku ya tatu. Vidonge nameza wakati wa kufuturu na wakati wa daku. Tarawehe tunasali nyumbani, Hadidja mbele. Rakaa nne za kwanza nasimama, zinazobaki nakaa kitini. Générose alipouliza zile rakaa zinakwendaje nikamwonyesha. Akasema angekuwa na uwezo angewaandikia wagonjwa wake wote, Wakristo kwa Waislamu.

Jumatano, 23 Februari

Mji umefungwa. Wanasiasa wawili wameuawa, mmoja wa upande huu, mmoja wa upande ule. Mabomu ya mkono yanarushwa mchana. Vijana wa chama wamesimamisha mateksi barabarani, wanadai vitambulisho. Générose anaishi Kicukiro. Ni Mtutsi, kitambulisho chake kinasema hivyo. Jana walimteremsha kwenye teksi, wakamkalisha chini barabarani masaa matatu. Wakamwachia kwa kuwa mmoja wao aliwahi kunyooshwa mkono naye hospitalini.

Ameniambia haya akiwa anakunja na kukunjua goti langu, sauti ileile anayosemea "moja, mbili." Nikamwambia aache. Akasema hapana, akiacha kufanya kazi ndipo mikono inatetemeka.

Libère amemsimamisha Hadidja. Ameuliza yule mwanamke mrefu anayekuja kwetu ni nani. Na kwa nini dirisha letu lina blanketi? Mwezi uliopita uso dirishani ulikuwa kosa, sasa blanketi ni kosa.

Jumapili, 27 Februari

Générose amepanga chumba kwenye ua wa nyuma yetu, ukuta mmoja na sisi. Hadidja ndiye aliyekitafuta. Biryogo watu wamechanganyika, ndoa hapa na pale, hakuna atakayemgusa, alisema, na kutoka hapa hospitalini anakwenda kwa miguu. Natamani iwe kweli. Usingizi wangu umekuwa wa kuku.

Jumanne, 15 Machi

Idi imepita. Mwezi ulitusumbua, wengine waliuona, wengine hawakuuona, msikiti mmoja ulikula na mwingine ukafunga. Pilau la Yasmina lilikuwa na chumvi ya watu kumi, tukala.

Hatua mia mbili leo kwa siku nzima. Nimekanyaga pedali ya cherehani nikiwa sishoni kitu, kusikia tu kama mguu unaitika. Unaitika! Dakika tano, kisha nikasimama mwenyewe kabla Hadidja hajaniambia.

Jumanne, 5 Aprili

Keshokutwa.

Yasmina amenishonea gauni la bluu. Mshono wa bega la kulia umepinda, sikusema. Mpango: nikishaoga na kuvua nyeupe, nitatembea mwenyewe kutoka chumbani, kupita ua, kutoka langoni, mpaka msikitini na kurudi. Hakuna wa kunishika. Hadidja atakuja nyuma na kiti, endapo nitachoka. Générose ameomba ruhusa kazini aje kuona. Nina wasiwasi wa mtoto anayengoja mtihani. Goti la kulia limevimba kidogo tangu jana, labda ni huo wasiwasi.

Alhamisi, 7 Aprili

Jana jioni ndege ya Rais iliangushwa. Redio inapiga muziki wa huzuni bila maneno, kisha tangazo: kila mtu abaki nyumbani kwake, asitoke mtu.

Eda yangu imeisha leo. Niliogeshwa hivyohivyo, milio ya risasi ikitoka upande wa Kimihurura. Hadidja alisoma dua mara mbili, mara ya kwanza alisahau katikati. Nikavaa gauni la bluu. Nikatembea. Kutoka kitandani, ukumbini, uani, mpaka langoni, hatua thelathini na nane, bila mkono wa mtu. Goti lilinyooka lote. Yasmina alikuwa amekwishafunga kufuli. Nikaweka kiganja kwenye bati la lango, nikarudi.

Miezi minne nimepigania kutoka nje, na siku ya kutoka nchi nzima imeambiwa ikae ndani.

Ijumaa, 8 Aprili

Vijana wa chama wanaingia nyumba kwa nyumba huko juu, wanatafuta Watutsi. Tunasikia. Sitaandika tunachosikia.

Asubuhi Générose ameruka ukuta. Mkono umechanika kwenye vioo vya juu. Mwenye nyumba wake amemwambia aondoke, ana watoto, hawezi. Alisimama uani kama mgeni, hakuomba kitu. Hadidja alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kanga yake nzuri, ile ya Idi. Akamfunga nayo mkono. Kisha akasema: "Ingia kwa mjane." Basi. Nilitaka kumwambia mimi si mjane wa eda tena. Macho yake yakaniambia ninyamaze.

Jumamosi, 9 Aprili

Naandika kwa kuwa Hadidja ameniwekea daftari mapajani. Andika, amesema, wakichungulia waone mjane anaandika dua.

Walikuja kwenye saa tatu asubuhi. Tulisikia filimbi kwanza. Générose akaingia chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya vitambaa. Hadidja akanivua gauni la bluu haraka mpaka kifungo kikaruka, akanivika nyeupe, akanikalisha ukingoni mwa kitanda, shuka mpaka chini. "Usisimame, wifi. Leo usisimame hata nyumba ikiungua."

Libère na watu sita. Wana mapanga na marungu yenye misumari. Hadidja amesimama kwenye mlango wa chumba changu, mikono kwenye fremu. Nawasikia wote.

Libère amesema kwa heshima, ndiyo iliyoniogopesha zaidi: "Mama, tupishe kidogo tu. Tunatafuta ule mwanamke ya hospitali."

"Humu iko mjane wa eda. Mwanamume haingii."

"Eda si iliisha Alhamisi? Mtaa mzima ulisikia."

Hadidja, ambaye hajawahi kupunguza hata rakaa akiwa na homa, ambaye alinihesabia siku hizi moja moja kwa tasbihi, amesema:

"Wewe unahesabu na kalenda ya ukuta. Sisi tunahesabu na mwezi. Mwezi wa Mfungo Mosi ulichelewa, uliza msikitini. Bado siku mbili. Ukiingia umemvunjia eda, na ndugu yangu atakudai wewe huko aliko. Unamjua Habumugisha. Alikushonea suruali ya harusi yako."

Mmoja amesema wapite tu. Libère amesema ngoja. Wametafuta jikoni, stoo, chumba cha Yasmina. Wamevunja kitu cha kioo. Yasmina yuko miguuni pangu, anashika msahafu.

Kisha sauti ya Libère tena, imetulia: sawa, mwanamume haingii. Basi watangoja. Ametuma mtu akamlete mke wake, yeye ni mwanamke, aingie aangalie.

Sasa ni saa sita kasoro. Wamekaa uani, wengine kwenye ngazi, wanakunywa maji yetu. Mke wake anakaa mbali, huko Mumena, na barabara ina vizuizi. Labda saa moja, labda mbili. Hadidja hajatoka mlangoni wala hajakaa.

Ninakaribia masaa matatu hapa, sijasogea. Siwezi kusogea, shuka likipanda kidogo yale magunia yanaonekana kutoka mlangoni. Magoti yamekufa. Kwanza yaliwaka, sasa siyasikii, na najua maana yake. Wakituambia tukimbie sitaweza. Ya Rabi, nimefanya mazoezi ya kusimama siku zote hizi, na leo unanitaka nikae.

Nahisi kitu kwenye kisigino. Nilitaka kupiga kelele, nikauma ulimi. Ni vidole. Générose ametoa mkono nyuma ya shuka, ameushika unyayo wangu. Anaukunja juu. Anaushusha. Polepole, bila sauti, kama siku zote. Juu. Chini. Mkono wake hautetemeki.

Nimehesabu kumi. Amehamia mguu wa kulia. Langoni kuna sauti ya mwanamke anauliza ni nyumba ipi